Jumapili Tuliyosimamisha Saa ya Kanisa

Ndani ya kanisa tulikuwa watatu. Wa kwanza mimi, niliyekuwa navuta upepo. Wa pili mcheza kinanda wetu, ambaye sikumzaa, lakini mama yake na mimi tulijifungulia wodi moja, wiki moja, na tangu mama yake afe alikuwa ananiita Mama bila kuongeza kitu. Wa tatu binti wa Kihindi wa duka la redio pale mjini, aliyeenda kusomea mambo ya sauti ng'ambo akarudi. Nje walikuwa wawili: mke wa mcheza kinanda, aliyekuwa anafunga mizigo, na baba ya yule binti, aliyemleta na gari asubuhi na kumchukua jioni. Huyo baba ndiye aliniuzia redio yangu ya kwanza, kwa hivyo hatukuwa wageni.

Majina yao wote ninayo, na ya watoto wao, na ya wale vijana waliotusimamisha barabarani baadaye. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini jina likiingia kwangu halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Wengine bado tunakutana sokoni na tunasalimiana.

Kanisa letu ni la mawe. Walilijenga walowezi, na walipoondoka wakakiacha kinanda chao kwa sababu hakibebeki. Si kile cha umeme cha kuweka mezani. Hiki kilikuwa ukuta mzima wa mabomba, mengine ya chuma membamba kuliko kidole, mengine ya mbao marefu hata yanakaribia paa. Upepo ukiingia bombani, bomba linalia. Zamani upepo huo ulivutwa kwa mkono, na nilipokuwa msichana hiyo ilikuwa kazi yangu. Kuna mpini mrefu wa mbao kando ya kinanda. Unaupandisha, unaushusha, na mivukuto ya ngozi inajaa kule nyuma. Halafu wakaleta mota. Mimi nikabaki na kufagia.

Mwaka ule wa elfu mbili na saba kamati ikaamua kinanda kitolewe. Mchwa walikuwa wameingia kwenye mbao na mvua ilikuwa inapitia paani. Mcheza kinanda hakubishana nao kwenye mkutano, na mimi nilishangaa, kwa sababu kile kinanda alikianza miguu yake ikiwa haifiki chini. Kumbe alikuwa ameshaongea na yule binti.

Binti akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha haraka haraka. Watachukua sauti ya kila bomba peke yake na kuiweka kwa kompyuta. Hata kinanda kikivunjwa, mtu akibonyeza kile kidogo cha umeme, kitakacholia ni chetu, na ndani ya kuta zetu. Nikamuuliza, sasa hicho kitakuwa kinanda ama picha ya kinanda?

"Shosho, itakuwa picha," akasema, maana hapa kwetu bibi huitwa shosho. "Lakini inaimba."

Tatizo lilikuwa mota. Ilikuwa inanguruma, na kile kifaa chake cha kunasa sauti kilisikia kila kitu. Akataka upepo uvutwe kwa mkono kama zamani, na ule mkono ulikuwa umebaki mmoja tu. Nilikuwa na miaka sitini na kitu. Tukapaka grisi kwenye mpini, nikajaribu, na mabega yakakumbuka. Huo mpini hauhitaji nguvu. Unahitaji usigutuke, kwa sababu ukigutuka sauti inatetemeka.

Tulipewa zile siku za baada ya Krismasi kwa kuwa hakukuwa na harusi. Watu walikuwa wamepiga kura Alhamisi. Sisi tukaanza Ijumaa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mcheza kinanda anabonyeza jino moja la kinanda, anashikilia, binti anahesabu kwa vidole, anamwashiria aachilie. Halafu hakuna mtu anayesonga. Sauti ikiachwa haifi mara moja. Inapanda paani, inazunguka, inatafuta pa kukaa. Huko kufa kwake nako kulikuwa kunachukuliwa. Ndipo jino linalofuata. Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa blanketi, isipokuwa moja la juu tulilokosa ngazi ya kulifikia. Simu zote zikawekwa ndani ya mkebe wa biskuti kule anakovalia pasta, kwa sababu simu hata kabla haijalia inatoa mchakacho ndani ya mashine. Saa ya ukutani nayo ilikuwa inagonga, kwa hivyo mcheza kinanda akapanda kwenye benchi akaisimamisha. Yake ya mkono akaivua na viatu vyake, maana yeye hupiga na soksi.

Ijumaa tulisumbuka sana. Malori, honi, watu wakipita wakiimba nyimbo za vyama. Binti anainua mkono, tunangoja, wanapita, tunaanza tena. Jumamosi mambo yakapungua. Jumapili, baada ya ibada ambayo pasta aliifupisha na watu wakaondoka bila kusimama kuongea, binti akavaa vile vitu vyake vya masikioni, akakaa, akavivua.

"Hakuna kitu," akasema. "Hata mbwa."

Alikuwa amefurahi. Akanivalisha mimi. Nikasikia pumzi yangu, na nyuma ya pumzi yangu hakuna chochote. Nakuru, na barabara yake kubwa na reli yake, mchana, hakuna. Mji mzima ulikuwa umekaa kando ya redio ukingoja jina moja, la rais. Nikavivua haraka. Ule haukuwa utulivu. Ni vile mtu anavyonyamaza nyuma ya mlango ili asikie wewe unafanya nini.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo lenyewe liko hapa. Asubuhi ile, kabla ya ibada, mke wa mcheza kinanda alinivuta kando ya tangi la maji. Kwao ni magharibi, upande wa lile ziwa kubwa. Mume wake pia, ingawa yeye alizaliwa hapa hapa Nakuru, baba yake akiwa mtu wa reli. Akaniambia jirani wa pande zote mbili wameacha kuwasalimia, na kwamba siku hiyo walipoamka walikuta mlango wao umechorwa alama ya chokaa. Nyumba yangu ni Kiamunyi na mlango wangu haukuwa na alama, na sote wawili tulijua ni kwa nini: mimi si wa kabila lao. Kulikuwa na lori la mtu wa kwao, linapita Salgaa mpaka ziwani. Linaondoka saa tisa. Mizigo na watoto wangekuwa juu yake saa nane. Mume wake alikuwa ameahidi kufika.

"Lakini Mama, huyo akishika kile kinanda hajui kama kuna mchana," akasema. "Wewe ndiye nakuachia. Saa nane atoke."

Nikamwambia nitamtoa.

Ilikuwa imebaki safu moja, ya yale mabomba ya mbao yenye sauti nene. Tulihesabu tutamaliza saa saba. Na tungemaliza, kama si mdomo wangu.

Kanisani kwetu wimbo ukiisha hatusemi Amina pamoja na kinanda. Tunangoja sauti yake ya mwisho iishe kabisa, ndipo tunasema, polepole, kila mtu na yake. Mimi nimefanya hivyo tangu utoto. Na yale mabomba manene ndiyo yanayofunga wimbo. Basi kila lilipolia na kuisha, mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi yake bila kuniuliza. Sikujua. Mcheza kinanda hakujua, maana naye amezoea. Binti ndiye aliyegundua, aliporudi kuzisikiliza zile sauti. Akakunja uso, akarudisha, akasikiliza tena.

"Shosho, kuna mtu anaitikia."

"Nani?"

"Ni wewe."

Mcheza kinanda akacheka mpaka akashika benchi. "Mama amebariki bomba moja moja," akasema. Siku ile sikumwona akicheka tena. Yalikuwa yameharibika mabomba tisa, na mengine yalikuwa bado hayajachukuliwa. Akatazama ukutani, na saa ilikuwa pale pale alipoisimamisha asubuhi. Akasema muda upo. Binti alikuwa ameinamia kompyuta yake akitafuta mahali pa kuanzia. Mimi nikavua kitambaa cha kichwa nikajifunga mdomo, nikakifunga kwa nyuma, nikashika mpini.

Nimefagia sakafu ile miaka mingi. Lile dirisha la juu lisilo na blanketi huangusha jua chini, na jua likigusa ngazi ya birika la ubatizo, hiyo ni saa nane. Sikuhitaji saa ya mtu. Tulipoanza upya lilikuwa limebakisha kama shubiri moja.

Niliona likifika. Bomba lilikuwa linalia, nikasema moyoni, likiisha nitamwambia. Likaisha, na huko kufa kwake kukaanza kuchukuliwa, na ningeongea ningeliharibu, ilhali nilikuwa nimeshaharibu tisa. Kabla sauti haijaisha paani, kidole chake kilikuwa kwenye jino lingine. Yalikuwa yamebaki matano. Nikasema matano si kitu. Jua likapanda ngazi ya kwanza. Nilikuwa natazama shingo yake kwa nyuma, ambayo nimeijua tangu ikiwa shingo ya mtoto, na kitambaa kikawa kimelowa mdomoni mwangu. Yakabaki matatu. Jua likapanda ngazi ya pili. Na kwa kuwa nimezeeka nitasema ukweli: haikuwa kuogopa kuharibu peke yake. Mimi pia niliyataka yale mabomba. Niliyapa upepo nikiwa msichana na nilitaka yabaki yote, hata lile la mwisho.

Lile la mwisho ndilo refu kuliko yote. Lililia mpaka nikalisikia kwenye nyayo.

Tulipofungua mkebe, simu yake ilionyesha mke wake amepiga mara kumi na moja. Alitoka mbio na soksi zake, viatu akaviacha chini ya kinanda. Mimi nikasimama kwenye ngazi za nje. Barabara yote ilikuwa tupu, maduka yamefungwa. Baada ya muda nikamwona akirudi, sasa anatembea, katikati ya barabara. Kule malori yanakopakia walimwambia lilingoja injini ikiwaka, mke wake akiwa ameshika mlango wa dereva, mpaka abiria wengine wakaanza kumtukana. Alijaribu kumpigia simu na simu haikupita.

Nikamwambia aketi. Akaketi. Nikamletea viatu akavivaa bila kufunga kamba.

Matokeo yalipotangazwa tulikuwa bado pale ngazini, watatu. Hatukuwa na redio na hatukuihitaji. Kelele ziliinuka upande mmoja wa mji, halafu upande mwingine, na hazikuwa kelele za namna moja. Baba ya binti akaja na gari akiliendesha kasi, jambo ambalo sijawahi kumwona akifanya. Akasema neno moja, "Ingieni." Mcheza kinanda akalala chini, nyuma ya viti vya mbele, tukamfunika na zile blanketi za madirisha, zote. Mimi nikaketi kiti cha nyuma, miguu ikiwa mgongoni kwake.

Hatukufika mbali. Vijana walikuwa wameweka mawe barabarani. Aliyeinama dirishani kwangu nilimfundisha kunawa mikono, darasa la Jumapili, na jina lake nilitaka kulitaja nikalimeza.

"Sasa, shosho. Mnatoka wapi?"

"Kanisani."

"Na yule jamaa wa kinanda ako wapi?"

"Ameenda kwao. Lori la saa tisa."

Akatazama miguu yangu. "Hizi blanketi zote ni za nini?"

"Za madirisha," binti akajibu. "Tulikuwa tunazuia kelele."

Yule kijana akamtazama, akatazama mwenzake, wakacheka. "Leo utazuia gani," akasema, akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja, wakasogeza jiwe. Chini ya miguu yangu nilisikia mgongo ukishuka, ndipo nikajua alikuwa hapumui.

Binti na baba yake walimweka mcheza kinanda chumba cha nyuma ya duka lao, na mimi pia, maana njia ya Kiamunyi haikupitika siku zile. Asubuhi iliyofuata simu yake ikalia, nikaishika mimi kwa kuwa ilikuwa karibu na mimi. Ni mke wake. Walikuwa wamefika. Walipita Salgaa, na walipogeuka nyuma wakaona moshi, na magari yaliyokuwa yakiwafuata hayakuonekana tena. Halafu akauliza.

"Mama, ulimwambia?"

Mume wake alikuwa ameketi mbele yangu akinitazama. Ningeweza kusema nilimwambia akakataa. Yeye mwenyewe angenikubalia, nilimwona usoni.

"Sikumwambia," nikasema.

Akaniomba nimpe mume wake simu.

Alikaa chumba kile wiki tano. Mji ulipowaka wenyewe, mwezi uliofuata, alisikia kila kitu kupitia ukuta. Mwishowe akaondoka na malori yaliyosindikizwa na askari, akafika kwake mzima. Hajarudi Nakuru. Binti alimaliza kazi yake, na kinanda kikatolewa. Alipomtumia zile sauti, alijibu asante, na kama amezisikiliza hajaniambia. Mke wake hajawahi kuongea na mimi tena, na sijamwomba.

Mume ndiye huwa ananipigia. Anasema nisijisumbue, kwamba lori liliondoka mapema, hata kabla ya saa nane, kwa hivyo hata ningemwambia asingelikuta. Mke wake aliwaambia watu wa kanisani kwetu waliokutana naye kwamba lilingoja mpaka saa tisa u nusu. Mmoja kati yao anakosea, ama ananihurumia. Basi wewe unayesoma, kama ulikuwa kule malori yanakopakia Jumapili ile, ukaona mwanamke ameshika mlango wa dereva, niambie liliondoka saa ngapi. Kama nimekosea siku, ama idadi ya mabomba, ama nani alisema nini, hayo pia nisahihishe. Lakini uanze na hilo la lori, na usinifichie.