Siku Mstari wa Wawindaji Uliposimama

Kuna saluni ndogo kwenye barabara ya Morse, kaskazini mwa Columbus, ambako mama mmoja wa Kikongo hunisuka kila ninaporudi nyumbani. Akimaliza, huwasha kiberiti cha gesi na kuunguza ncha za rasta moja moja ili zisifumuke. Wateja wengine huziba pua. Mimi huvuta pumzi ndefu, na msusi huniangalia kwa mashaka. Harufu ile ya nywele zilizoungua hunirudisha kwenye matope ya mwezi wa tatu, nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimevaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachonifika magotini, na mbele yangu wanaume watatu wanamwunguza nguruwe manyoya huku wakibishana kama moto unatosha.

Habari hii sijawahi kuisimulia yote. Ndani yake kuna uongo wangu mmoja, na nimeubeba muda mrefu.

Baba yangu, Papa Ebuela na Papa Asukulu walizaliwa kijiji kimoja kwenye milima ya Fizi. Walikimbia vita pamoja, wakaishi kambini Tanzania kwenye vibanda vilivyopakana, mmoja akikohoa mwingine anajua ni nani. Kisha yakaja makaratasi ya kuhamia Amerika, na makaratasi hayajui urafiki. Papa Ebuela akapelekwa Louisville, Papa Asukulu Buffalo, na sisi Columbus, kwenye nyumba ya kupanga mtaa wa Linden, yenye madirisha yaliyopiga mluzi kila upepo ulipovuma.

Kila Jumamosi asubuhi Papa Ebuela alimpigia baba simu. "Uko?" Baba akajibu, "Niko." Halafu baba akampigia Papa Asukulu kule Buffalo. "Uko?" "Niko." Siku nyingine mazungumzo yote yalikuwa hayo tu, simu ikakatwa, baba akarudi kwenye chai yake akiwa mtu aliyeridhika. Mimi na wadogo zangu tuliigiza simu hizo kwa kutumia viatu, tukacheka hadi mama akatufukuza sebuleni. Tuliona ni mambo ya wazee wasiojua kwamba kuna kitu kinaitwa ujumbe mfupi.

Msimu wa majani kuanguka, mke wa Papa Asukulu alifariki. Baba alikwenda Buffalo kuzika. Baada ya hapo lile jibu la Jumamosi likaanza kupungua nguvu. Kwanza likawa mguno. Baadaye simu ikawa inaita mpaka inachoka. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, alituambia baba yake hasemi, hali, anakaa tu na koti mwilini kama mtu anayengoja gari. Zikapita Jumamosi tatu. Nilimsikia baba akimwambia mama jikoni, sombe ya majani ya muhogo ikichemka, "Asukulu anatupotea mu mikono, na sisi tunaangalia." Mama alizidi kukoroga tu.

Ndipo akaingia Dale. Dale alikuwa mzungu wa makamo aliyefanya kazi na baba ghalani, wakipakia masanduku. Alikuwa pia na shamba la urithi mwendo wa saa mbili kusini, kwenye vilima, na nguruwe pori walikuwa wakilifukua usiku na mchana. Baba alimweleza kwamba kwao nguruwe hawaviziwi, hufukuzwa. Watu hujipanga mstari, wakaenda wakipiga kelele, na mnyama akajitokeza mwenyewe kwa wanaomngoja. Dale akapenda. Yeye na shemeji zake wawili wangeshika bunduki. Baba na rafiki zake wangefukuza. Baba alisema bunduki walizozisikia maishani zinawatosha.

Mimi niliwekwa kwenye safari kwa sababu ya Kiingereza. Nilikuwa nimeshatafsiri barua za shule, bili za umeme, na hata uvimbe wa mama kwa daktari. Mama alipinga, akasema porini si kliniki. Baba akaahidi nitatembea nyuma ya mgongo wake, karibu kiasi cha kuhesabu matundu ya sweta yake. Nami nilifurahi mno, maana niliamini tunakwenda kutafuta nyama.

Papa Ebuela aliwasili Ijumaa kutoka Louisville na sanduku la barafu ambalo lingetosha kulaza mtu. Alikuwa mfupi, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mifugo. Aliposikia nami nimo, akasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Baba naye alikuwa amekwenda mwenyewe Buffalo kwenye theluji kumchukua Papa Asukulu. Nilimkumbuka mtu huyo kambini, mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Aliyeingia sebuleni kwetu alikuwa koti lenye mtu ndani. Mama alimwandalia ugali, sombe na samaki wa kuokwa. Akamega matonge mawili, akanawa.

Asubuhi ya Jumamosi tulifika kwa Dale ardhi ikiwa bado ngumu kwa baridi. Alitukagua vizibao mara mbili, akanipa simu ya upepo niishike, ili akisema jambo nimfikishie baba. Alituonyesha bonde lenye miti lililoshuka hadi kwenye kijito. Yeye na shemeji zake wangesimama chini kabisa, bunduki zao zikielekea kilima cha pili, mbali na sisi. Baba akamfunga mbwa wa Dale kengele aliyoitengeneza kwa kopo la nyanya na skrubu kubwa, maana kwao mbwa wa kuwinda huvaa kengele. Mbwa yule, mnene na mzee, alitutazama kama mtoto aliyevalishwa tai ya harusi.

Kabla hatujaanza, baba alinieleza sheria. Nitawapa kama alivyonipa. Mstari wa wafukuzaji hauonani, unasikiana. Wa kwanza huuliza, "Uko?" Wa pili hujibu, "Niko," kisha naye humwuliza wa tatu. Sauti inakwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari na kurudi. Kelele hiyo ndiyo inayomfukuza nguruwe, na hiyo ndiyo inayowalinda watu wasipotee wala kuumia. Akinyamaza mmoja, wote wanasimama pale walipo. Hakuna anayepiga hatua, hata kama nguruwe amesimama mbele yake amefunga macho.

Papa Ebuela akashika kulia, baba katikati, Papa Asukulu kushoto. Tukaanza kushuka. Majani yaliyoanguka yalikuwa yameloa, yalinuka chai iliyolala. Sauti ya Papa Ebuela ilitoka kulia, "Uko?" Baba akaitika, akageuka kushoto, akauliza. Kutoka kwenye miti ikaja sauti nyembamba ya Papa Asukulu: "Niko." Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Niliona mabega ya baba yakilegea kidogo kila ilipokuja. Mimi macho yangu yalikuwa chini, kwenye udongo uliofukuliwa upya na nyayo zilizogawanyika mbili.

Tulipokaribia kijito, kengele ya kopo ikalia kwa fujo. Vichaka mbele yetu vikatikisika. Nikawaona: mgongo mweusi mkubwa, na mingine midogo mitatu nyuma yake. Baba akaita kushoto, "Uko?"

Kimya.

Akaita tena. Sikusikia kitu ila kengele. Baba akainua mkono, akasimama. Kulia, Papa Ebuela naye akakoma kama aliyekatwa umeme.

Simu ya upepo ikakoroma mkononi mwangu. Dale alisema anawaona, wako karibu kabisa, tusukume kidogo tu, kwa nini tumesimama? Nikamfikishia baba. Hakugeuka. Akasema polepole, "Ambia ule muzungu asisirike. Asukulu hayaitika. Mutu moja akinyamaza, wote tunasimama."

Maneno mepesi. Mtoto wa miaka mitano angeyatafsiri. Lakini mimi niliona aibu. Nilijiona darasani, nikiwaeleza wenzangu kwamba wanaume wazima watatu wameacha nyama imesimama mbele yao kwa sababu mmoja hakusema "niko". Nikabonyeza kitufe, nikamwambia Dale kwa Kiingereza changu kizuri kabisa, "Wamechoka."

Dale akashusha pumzi ndefu kwenye simu. Wakati huohuo mgongo ule mweusi uligeuka, ukapita kushoto kwenye pengo lisilo na sauti, na vidogo vitatu nyuma yake, wakapanda kilima tulikotoka. Nililia kwa hasira. Baba hata hakuwatazama.

Tulimkuta Papa Asukulu amekaa juu ya gogo, mikono magotini. Hakuwa ameumia. Machozi yalikuwa yakimshuka bila sauti, na mdomo ulikuwa wazi, kama mtu aliyetaka kuitika akakuta sauti haipo. Baba hakumwuliza kitu. Alikaa kushoto kwake. Papa Ebuela akafika akihema, akakaa kulia, na gogo lile likawa limejaa. Nilingoja wamseme. Nilingoja angalau mmoja ataje nguruwe. Hawakutaja.

Wakakaa. Matope yakaingia viatuni mwangu, vidole vikafa ganzi. Halafu Papa Ebuela, huku bega lake likigusa bega la mwenzake, akauliza kwa sauti ya chini, "Uko?"

Nilisikia kijito.

"Niko," akasema Papa Asukulu. Akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia baba. "Na weye? Uko?"

"Niko," akasema baba, na sauti yake ikakatika. Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia. Nilitazama pembeni, kwa sababu nilifundishwa adabu.

Mchana tulifukuza tena bonde la pili, na mstari haukukatika. Alipatikana nguruwe mmoja, kijana, wa kutosha. Dale alitaka kumchuna, wazee wakakataa katakata, wakasema ngozi ndiyo utamu. Dale akaleta mtungi wa gesi, wakamwunguza manyoya nyuma ya ghala, moshi ukatuingia nguoni na nywele zangu zikanuka hadi Jumatatu. Ini likakatwa kwanza, likachomwa palepale kwa chumvi, na kipande cha kwanza akapewa Papa Asukulu. Kwao kijijini, aliyesimamisha mstari ndiye hula wa kwanza, asije akaona haya. Alikula kipande hicho, akala cha pili, akauliza kama pilipili imeletwa. Papa Ebuela alikimbia kuitafuta garini kama aliyetumwa na mfalme.

Jambo moja tu liliwachanganya. Kutwa nzima Dale aliwaletea viti. Wakisimama, kiti. Wakiinama kukata nyama, kiti na kahawa. Papa Ebuela alinong'ona kwamba huyu muzungu ana heshima sana, sijui mama yake alimlea vipi. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nyama iligawanywa mafungu manne. Kichwa kilibaki kwa mwenye shamba, mengine yakaenda Louisville, Columbus na Buffalo. Jumamosi iliyofuata simu ya Buffalo iliita mara mbili tu. Nilikuwa sebuleni, na kwa mara ya kwanza sikucheka.

Nilipomaliza sekondari nilimwungamia baba uongo wangu. "Donc, kumbe viti vilitoka pale," akasema, akacheka. Kisha akacheka kidogo zaidi. "Lakini hukudanganya, Wabiwa. Tulikuwa tumechoka."

Mngedhani hapo ndipo nilipoelewa. Hapana. Kuelewa kulichelewa hadi nilipohamia Louisville, nikapata kazi hospitalini, nikaingizwa na mimi kwenye zile simu za Jumamosi. Baba hunipigia, namwambia niko, basi. Jumamosi moja, baada ya wiki ambayo wagonjwa wangu wawili walifariki, nilizima simu, nikajifunika shuka usoni na sikutaka kuitikia mtu yeyote duniani. Mchana mlango ukagongwa. Nilimkuta Papa Ebuela, mvi kichwa kizima, bado ana kofia ya kiwandani na kadi ya kazi shingoni. Alikuwa ameacha zamu. Mkononi alishika simu, na kwenye simu nilisikia watu wawili wakipumua: mmoja Columbus, mmoja Buffalo.

Niliona aibu ileile ya bondeni. Nikasema, "Nimechoka tu, Papa."

"Bon," akasema. "Kuchoka haina mubaya. Ila itika."

Akaninyooshea simu. Hakuna aliyeniuliza kimenipata nini. Nilisikia tu sauti ya Papa Asukulu, nzito, ya kutoka tumboni, ikitoka Buffalo kupitia kwa baba yangu hadi mlangoni pangu.

"Wabiwa, uko?"

Nilikuwa nimesimama pekupeku juu ya zulia, watu watatu katika miji mitatu wamesimamisha siku yao wananingoja. Nikafungua mdomo, na sauti ikawepo.

"Niko."