Godoro Chini ya Picha ya Marehemu

Leo naweza kusimulia nikicheka, lakini siku ile nilitamani sakafu ya Tantine Consolate ipasuke inimeze mzima mzima. Mimi ndiye mwenye ile tovuti ya matangazo ya mtaa wetu wa Gasenyi (harusi, ubatizo, misiba, vitambulisho vilivyopotea), na wiki ile nilikuwa nimepata mteja wangu wa kwanza wa kulipia tangazo, muuza magodoro wa kule mtaa wa Asiatique. Nilimuuliza alitaka tangazo lake likae wapi, juu, pembeni au mwisho kabisa, akanijibu, "Weka pale watu wanaangalia, rafiki." Watu wanaangalia wapi? Picha! Basi nikaliweka chini ya picha, tena kwenye kila ukurasa, uliopo na utakaokuja, kwa mpigo mmoja, nikajiona fundi kweli.

Siku mbili baadaye akafariki mzee Gaspard, mume wa Tantine Consolate, huyu jirani aliyenilea kama shangazi mama alipokuwa akishinda sokoni. Nililia, nikaandika tangazo la msiba kwa moyo wote, nikaweka picha yake amevaa tai, wala sikurudi kuangalia ukurasa umetokeaje. Mchana wa matanga, sebule imejaa, pasta akaomba ratiba ya mazishi, nami kwa kiherehere changu (nani alinituma?) nikaunganisha simu na televisheni kubwa ili wote wasome. Pasta, ambaye macho yake si mazuri, akaanza kusoma kwa sauti kila kilichokuwa mbele yake: "Baba yetu mpendwa Gaspard... LALA VIZURI! Ukilala hutaki kuamka. Bei imeshuka."

Mtu mmoja akakohoa.

Nikaivamia simu nilifute lile tangazo, nikabonyeza pasipo pake, na badala ya kuondoka likatanuka likajaza televisheni nzima, mzee wa watu akafunikwa pamoja na tai yake, tukabaki tunatazamana na mwanaume anayekoroma juu ya godoro la maua!

"Tantine, pardon, mi naondoa, mi naondoa!"

"Apana, acha kwanza," akasema Tantine Consolate, ambaye tangu kifo hakuwa ametoa neno wala chozi, mpaka watu walikuwa wameanza kumwogopea. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua nimemuua na yeye, kumbe anacheka! "Jameni, Gaspard alikoroma hivi hivi miaka yote ile, na asubuhi anakataa!" Sebule nzima ikapasuka, pasta naye akavua miwani ajifute, kisha kicheko cha Tantine kikageuka kilio, kilio chenyewe sasa, akanivuta kifuani kwake tukalia pamoja.

Alinisamehe palepale. Mimi bado sijajisamehe vizuri. Sasa kila tangazo nalipangia mahali pake kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, na kwenye kurasa za misiba siweki kitu, hata uje na duka lako lote kichwani.