Siku Niliyompeleka Bibi Vuga

Mpaka leo nayasikia maharage yakidondoka kwenye beseni la plastiki: ta, ta-ta, ta. Bibi alikuwa akipukuchua huku mimi nikimsomea kitabu cha mfalme wetu wa zamani, yule aliyeitawala milima hii akiwa Vuga. Nilikiazima Lushoto mjini. Shule yangu iliishia kidato cha pili, na sasa nashona nguo hapa Lukozi, lakini nikiwa na kile kitabu nilijiona profesa. Siku nisizokuwa na nguo za watu nilitoka kuyatafuta yaliyoandikwa: kilima hiki, njia ile, mti ule. Nikirudi namhadithia Bibi kama vile mfalme mwenyewe kaniaga mlangoni.

"Wake wote hao!" Bibi alicheka. "Mke mwenza, angekuja kukuposa ungekubali?"

"Ningekubali, Bibi. Ningemshonea mapazia."

Ila nikimwambia twende Vuga tukaone, alisingizia magoti. Magoti yaleyale yanayompeleka shamba kila asubuhi! Siku moja nikamtania mbele ya jirani yetu, mama muuza karoti mwenye mdomo wake: "Bibi anamwogopa marehemu."

"Basi twende wote," jirani akadakia, "tumshike mkono asikimbie."

Bibi akaona haya kukataa tena. Akavaa kanga mpya.

Kule Vuga tulimkuta mzee anayetunza makaburi ya wafalme. Tulimwamkia shikamoo, tukavua viatu, tukachuchumaa. Akatueleza kwa Kishambaa kwamba mtu haingii kwenye ile miti yenye makaburi hivihivi. Kila mmoja aseme kwanza yeye ni wa ukoo gani, kwa baba na kwa mama, ili waliolala wajue nani kaja. Jirani akataja koo zake kwa sauti ya mnadani. Nami nikataja zangu. Ikafika zamu ya Bibi. Upande wa baba akasema vizuri.

"Na kwa mama?"

"Mama yangu alizaliwa hapa. Kwa mfalme."

"Ukoo gani, mama?"

"Hapahapa tu."

Mzee akainamisha kichwa. Hakuuliza zaidi, akaanza kuinuka atuongoze. Yangeishia pale.

"Bibi! Mbona hukuniambia?" Nilikuwa na furaha, Mungu ananiona. "Hao nimewasoma! Waliokaa kwa mfalme bila ukoo ni wale waliotolewa na ndugu zao kulipia damu ya mtu. Walikuwa watumwa wa..."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshachelewa.

"Hee," alisema jirani. "Kumbe."

Bibi aliiweka kanga yake sawa begani, ingawa ilikuwa sawa. "Kitabu chake hakikosei," akamwambia mzee, kwa Kiswahili, kama mgeni. Tukaingia kwenye ile miti, na sikumbuki nilichokiona.

Wiki haikuisha. Sokoni mwanamke mmoja, akinipimia viazi, akaniuliza kwa kicheko kama ni kweli nyumbani kwetu ni watu wa ikulu. Wenzake wakaziba midomo kwa kanga. Kwa miaka yote Bibi amekaa nao kwenye misiba na harusi, amewapikia, amewazalishia mabinti zao, na hakuna aliyewahi kumcheka. Mimi ndiye niliyewapa cha kuchekea.

Nilipiga magoti jikoni. "Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Neno hilo nimekaa nalo maisha yangu yote. Wewe umelishika kidogo tu, likakuwasha mdomo."

"Nihadithie basi kuhusu mama yako."

"Ili ukamsome mbele ya nani?"

Siku hizi ananiita kwa jina langu. Lile la mke mwenza hajalitamka tena. Nami nikipita kwenye karoti za jirani naangalia chini, mimi niliyezoea kupita nikiimba.

Mama yake Bibi amezikwa hapa kwetu, chini ya migomba, mahali pasipo hata jiwe. Najua ni pale kwa sababu niliambiwa nikiwa mdogo, kisha nikasahau kama wote nyumbani. Majani ya pale ni mazuri, kwa hiyo ndipo tunapomfunga mbuzi. Jana Bibi alipokwenda kwenye maziko, niliteremka peke yangu. Nikakitikisa kile kigingi mpaka kikang'oka, nikamkokota mbuzi akilalamika hadi ng'ambo ya mfereji, nikakipigilia huko. Kisha nikarudi, nikachuchumaa, nikalifukia lile tundu kwa mkono.