Matone Saba kwenye Kaptura ya Wahome

Namshukuru Mungu aliyenifikisha uzeeni nikiwa na akili ya kukumbuka, hata yale ambayo ningependa anisahaulishe. Harufu ya pamba mbichi chini ya pasi ya makaa hunirudisha Kiganjo, penye chuo cha askari chini ya mlima, miaka ya kwanza baada ya uhuru, mama akifua nguo za askari ili mimi nisome. Sketi yangu ya shule ilikuwa moja tu. Jumatatu moja ilitoka kwenye beseni na matundu saba, na mama akalia akidhani ni mikono yake.

"Ati mama yako anafua ama anatoboa?" Wahome, mwana wa sajini, aliniuliza, darasa zima likacheka.

Wiki hiyo Mwalimu Barasa alitufundisha kwamba oksijeni na haidrojeni hutumia elektroni kwa pamoja, lakini oksijeni huzivutia kwake, kama kaka mkubwa avutavyo blanketi baridi ya mlima ikishuka. Haidrojeni hubaki wazi. Katika maji, huvutwa na oksijeni ya jirani. Ndiyo maana maji hushikamana yakawa tone, na pamba huyanywa. Katika asidi ya salfa oksijeni ni nyingi, zote zikivuta, na haidrojeni huachiliwa upesi. Asidi hiyo hula uzi polepole, tundu lisionekane mpaka nguo ifuliwe. Nikakumbuka sketi yangu, nikageuka. Wahome alikuwa akijichekea.

Mvumilivu hula mbivu. Nilingoja hadi Ijumaa, tukiwa kwenye meza ya chupa za kemikali, nikamdondoshea matone saba ya asidi hiyo nyuma ya kaptura, nikiyahesabu kwa raha. Hasira ilinisahaulisha jambo moja. Jioni furushi la sajini lililetwa kwetu kama kawaida, na juu yake ile kaptura. Matundu yangetokea mikononi mwa mama, na askari gani angempa nguo tena?

"Mama, hiyo niachie mimi," nilisema, nikaipaka magadi ya jikoni, maana mwalimu alisema magadi huimaliza asidi. Yakatoa povu. Nililia nikisugua, wala si kwa toba. Nilikuwa ninamwokoa adui yangu.

Jumatatu alipita mbele yangu, kaptura haina hata tundu moja. "Leo mama yako amejaribu!"

Siku hizi wajukuu wangu wana sketi tatu kila mmoja, na pasi ni ya umeme. Wahome ni mzee wa kanisa, huketi benchi la mbele yangu. Nimemsamehe. Lakini kila Jumapili akisimama kuomba, macho yangu hutafuta matundu saba nyuma ya suruali yake, nami hulazimika kumsamehe upya. Wewe unayesoma, Mungu akujalie moyo mwepesi kuliko wangu, na nguo zako zidumu.