Maji ya Jumamosi

“Hivi shoga, maji ya mto yakipungua vidole vinne, wewe unapungukiwa nini mwilini?” Ndivyo jirani yake mshonaji alivyomuuliza Bibi Samaki siku moja, pini mdomoni, akimpima gauni.

Jina hilo alipewa kwa kazi yake: miaka kumi na tisa alilea trauti, samaki wa maji baridi wasiovumilia maji ya vuguvugu wala yaliyosimama. Aliwakuza vifaranga katika mabirika ya saruji, kisha akawaachia mtoni. Wakikomaa hutaga kwenye changarawe, na mayai yao hayana makuu: maji yapite juu yake mchana na usiku, basi.

Meneja wa shamba la maua, kule juu ya mto, hayo hayakumhusu. Jumamosi moja ya kiangazi alilifunga lote lango linalopitisha maji ya mto, ajaze bwawa lake. Kufika alasiri, changarawe ilikuwa kavu kama sakafu. Bibi Samaki akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Mayai yamesinyaa yote. Akayachukua kiganjani, akampelekea.

Meneja alicheka. “Mama, si ukakaange?”

Neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba. Alikuwa mtu wa sala, tena mpole, lakini kila alipofika kwenye kuwaombea maadui, ulimi ulikuwa mzito. Mwisho akapata la kuomba: Mungu ampe meneja afya njema, asije akafa kabla ya siku yake.

Jumamosi zilizofuata lango likafungwa vile vile, na ofisi ya maji haikumsaidia. “Afisa wetu hupima kila Jumatatu, mama. Na Jumatatu maji yapo.” Yasiwepo vipi, na lango hufunguliwa Jumapili?

Basi kila Jumamosi akawa anapanda mpaka getini kwa meneja. Sheria ya shamba ilikuwa kwamba kila afikaye getini aandikwe, hata kama haingii.

“Shikamoo mama. Leo tena? Bosi kasema hataki kukuona.”

“Marahaba mwanangu. Nani kakwambia nina hamu na sura yake? Wewe niandike tu. Saa nne. Sababu: maji yamefungwa.”

Mlinzi alikuwa na mwandiko mzuri na aliuonea fahari. Akaandika vile vile alivyoambiwa. Meneja kitabu kile hakuwahi kukifunua. Kwake yeye, wageni wa getini walikuwa kama nzi tu.

Ukafika mkutano wa kupanga kiwango cha chini cha maji, yale ambayo lazima yabaki mtoni hata jua liwake vipi. Meneja alikuja na karatasi za rangi. Wastani wa mwezi, alisema, unawatosha samaki na unabaki.

Bibi Samaki akasimama. “Baba, ukinyimwa pumzi Jumamosi, ukapewa maradufu Jumatatu, wastani wako utakuwa mzuri pia. Tutausoma kaburini kwako.”

Watu wakaangua kicheko. Meneja akadai ushahidi.

“Upo, lakini unao wewe. Agiza kitabu chako cha wageni.”

“Kileteni!” meneja akafoka. “Tumalize upuuzi huu.”

Mlinzi akakileta mwenyewe, amekikumbatia. Afisa wa maji akasoma kwa sauti, tarehe baada ya tarehe: maji yamefungwa, maji yamefungwa. Jumamosi arobaini na moja. Alipofika ya arobaini mshonaji akapaza sauti kutoka nyuma: “Siku za mwizi zimetimia! Soma na ya nyongeza!”

Meneja alijifuta shingo kwa zile karatasi za rangi. Bibi Samaki alimtazama bila kupepesa, na moyo wake ukala ukashiba.

Ikaamuliwa palepale: alama nyekundu ichorwe kwenye ubao wa kipimo uliosimama mtoni, maji yasishuke chini yake hata saa moja, na lango lichomelewe kipande cha chuma lisiweze kufungwa lote. Afisa akamgeukia Bibi Samaki kwa upole. Je, mama anadai fidia gani kwa samaki wake?

“Fidia sitaki. Naomba kila Jumamosi aje meneja mwenyewe, asitume mtu. Avue viatu, aingie mtoni, asome kipimo, aniandikie kwa mkono wake. Mimi nitakuwa ukingoni namwangalia.”