Makofi Yalipigwa Wifi Akiungua

Kaka yangu alimfyatulia wifi bastola mbele ya ukumbi uliofurika, na watu wakapiga makofi.

Naam, makofi! Wengine walisimama kabisa.

Walidhani yale mayowe ya wifi ni sehemu ya mchezo.

Kaka na mkewe walikuwa waigizaji wa kikundi kimoja. Kaka aliigiza mume mwenye wivu. Bastola ilikuwa ya kweli, ila ilitiwa risasi baridi: baruti tupu, hakuna kichuma kinachotoka.

Mtunza silaha wa kikundi alikuwa mama mmoja asiyecheka ovyo, tukimwita Mama Baruti. Kabla ya onyesho aliwavuta wote wawili nyuma ya pazia.

"Baba, kaa mbali naye. Elekeza pembeni. Hii ikilipuka karibu inatema moto."

"Mama Baruti nawe! Si haina risasi?" Kaka akacheka.

Jukwaani, shangwe zikampanda kichwani. Akasogea. Akasogea tena, mpaka angeweza kumshika wifi bega.

Akafyatua.

Moto na chembe za baruti vikamvaa wifi usoni. Jicho la kushoto likaenda jumla.

Hospitalini, kiongozi wa kikundi alimuuliza kaka, "Kwani hukuonywa?"

Kaka akatazama sakafu. "Sikuambiwa kitu. Halafu niliteleza."

Basi. Mama Baruti alijitetea, hakuaminika; akafukuzwa kazi, na mtaani wakamsema kama muuaji.

Kaka akageuka muuguzi. Anapika, anafua, anamtia wifi dawa. Majirani wakasema, "Mume ndiye huyu!"

Kila akisifiwa, anainuka na kutoka nje. Alikonda akabaki macho na shingo. Mimi nilidhani ni huruma ya mkewe. Kumbe!

Siku moja nilikuwa chumbani mwao nikikunja nguo. Kaka alikuwa akimbadilishia wifi bandeji, mara akasema:

"Mke wangu, sikuteleza."

"Najua."

Kaka akaishusha bandeji.

"Nilikuona ukija," wifi akasema. "Na Mama Baruti alipokuonya, si nilikuwa hapo hapo?"

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa watakufunga. Jicho nilishakusamehe, mume wangu. Lakini yule mama tumemzika mzima, wewe na mimi."

Wakalia wote wawili. Mimi nikabaki na shati la kaka mkononi, sijui niliweke wapi.

Asubuhi walikwenda kwa kiongozi, wakasema yote. Kisha tukaenda kwa Mama Baruti. Tulimkuta uani akifua nguo za watu.

Kaka alipiga magoti kwenye maji ya sabuni, akaeleza mwanzo mpaka mwisho.

Mama Baruti alimsikiliza bila kutoa mikono kwenye beseni.

"Hodi mmepiga," akasema, "lakini karibu sijasema."

Akaendelea kufua.

Kazi alirudishiwa, na jina lake likasafishwa mbele ya kikundi kizima. Wifi humtembelea, wanakaa, wanacheka. Kaka akipita akisalimu, Mama Baruti hugeukia ukuta.

Na kaka hamlaumu.

Jamani, risasi baridi haina kichwa, basi anayeishika awe nacho. Na ukikosea, kosa lako libebe mwenyewe. Ukimtwika mwenzako, siku ya kumtua utamkuta bega limeshavunjika.