Siku Nilidai Warudishe Mlima

Hii nitawaambia, lakini mkitaka kucheka mwangalie chini nisiwaone, kwa sababu hadi leo nikipita pale ukumbi wa sinema ulikuwa, hapo mjini Nyeri, mimi huangalia ng'ambo ingine ya barabara kama mtu anatafuta mbuzi yake imepotea.

Wakati huo Uhuru ni ya juzi juzi, watoto wangu bado wadogo, na kahawa tulikuwa tunapeleka kiwanda ya chini kidogo ya Skuta, hapo nje ya mji. Mnajua kahawa haiendi kwa mizani hivi hivi: unamwaga juu ya gunia, unakaa chini, unatoa zile mbichi na zile zimekauka, moja moja, mpaka kiuno inalia. Sasa mimi sikuwa nachagua. Mimi nilikuwa nasimulia! Shule nilitoka darasa la pili, lakini mdomo Mungu alinipatia, na akina mama walikuwa wamekubaliana wenyewe kwamba Mama Njeri, ndiye mimi, akisimulia, wao wanamchagulia yake. Hadithi ikiwa tamu, yangu ndiyo inaisha ya kwanza.

Na zile walipenda sana ni mbili za sinema, nilizoona hapo ukumbini. Moja ilikuwa ya Jitu ya Barafu, ililala chini ya theluji miaka na miaka mpaka watu wa kuchimba wakaiamsha. Ingine ilikuwa ya Mjusi ya Nyota, ilishuka kutoka juu huko na ikakanyaga mji kama mtu anaponda viazi. (Kizungu sikusikia hata neno moja, lakini mnyama akikanyaga gari, hapo unataka Kizungu ya nini?)

Siku moja ya soko nikaona karatasi kubwa kwa ukuta wa ule ukumbi: Jitu na Mjusi, wote wawili, pua kwa pua! Haiya! Ati itaonyeshwa Jumamosi. Jumatatu nikafika kiwanda, na hapo ndipo nilijiharibia, kwa sababu hadithi zilikuwa zimeniisha, na Mama Muthoni (huyo ni rika yangu, mdomo yake inakata kama panga) akaniuliza, "Leo unatupatia nini, ama leo utajichagulia?"

Nikasema, "Leo nawapatia ile mpya."

Ati mpya, na mimi sijaiona!

Wiki nzima nikasimulia. Nikasema Jitu imeng'oa kilele cha mlima, mkubwa kama huu wetu, ikampiga nayo Mjusi kwa kichwa, na Mjusi akatema moto mpaka theluji yote ikawa mto, ikabeba ng'ombe, ikabeba kanisa. Wee! Kahawa yangu ilichaguliwa kama mchele ya harusi. Ijumaa Mama Muthoni akapanguza mikono, akasema, "Mimi huo mlima lazima niuone na macho yangu." Na wengine wote, "Hata sisi!"

Hapo ningesema ukweli. Lakini nikaangalia gunia yangu, nikajua wakiniita mrongo mara moja, sitasimulia tena na hakuna mkono itaingia hapo tena. Nikasema, "Twendeni."

Jumamosi mchana tukapanda mjini, wanawake tisa, kila mmoja na kikapu yake ya kiondo mgongoni, kamba kwa kichwa, na ndani githeri, mahindi na maharagwe, ya kula mlima ukianguka.

Wenzangu, ile sinema! Saa nzima ni wazungu wa makoti nyeupe, wanaongea kwa meza, wanakunywa chai.

"Mama Njeri, mlima?"

"Ngoja."

Jitu ikaonekana. Imelala.

"Imelala tena?"

"Ngoja, inapata nguvu."

Mjusi naye akaja, na mgongoni, Mungu ananiona, ako na zipu kama ya rinda! "Huyu alishonwa na fundi gani?" Mama Muthoni akauliza, watu wa mbele wakacheka. Mwishowe hao wanyama wakakutana, wakaangaliana, wakasukumana mabega kama ng'ombe wawili kwa mlango wa josho, halafu Mjusi akaingia ziwani na Jitu ikarudi kulala. Maandishi yakaanza kupanda. Imeisha.

Mama Muthoni akanigeukia polepole. "Mlima iko wapi?"

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasimama, kiondo na yote, nikapiga kelele: "Msitoke! Wameikata! Wameficha kipande ya mlima!" Nikaenda mpaka nyuma kwa meza ya mashine ya sinema, nikasimama mbele ya ile taa, mikono juu. "Rudisha mlima! Hatutoki hapa bila mlima!"

Watu wakapiga nduru. Nikadhani wananiunga mkono, nikazidi kurusha mikono. Wengine wanapiga makofi, watoto wanalia, na mwanaume mmoja akasema kwa nguvu, "Sasa huyo ndiye mnyama!" Nikageuka. Kwa kile kitambaa nyeupe kulikuwa na kitu kubwa nyeusi, nundu mgongoni, mikono kama miti. Nikaruka. Na yeye akaruka. Kumbe ni mimi! Mimi na kiondo yangu.

Mwenye mashine, mzee mpole sana, akazima taa. "Mama, hakuna kipande ingine. Hii imefika jana kutoka Nairobi. Hapa Nyeri hakuna mtu ameiona kabla ya leo."

Wanawake wanane wakaniangalia. Mama Muthoni akasema tu, "Kumbe." Na hiyo ndiyo neno pekee nilisikia mpaka nyumbani.

Jumatatu nikajichagulia. Hadithi hakuna aliyeomba. Wengine wanaelekea kwa mizani, mimi sijafika nusu, vidole zimekuwa nyekundu, lakini nikasema sitalia na sitaomba. Ndipo Mama Muthoni akasema, bila kuniangalia, "Basi tuambie vile uliruka ukijiona."

Nikawaambia. Walicheka mpaka mmoja akalala kwa kahawa yake, na nikaona mkono ya Mama Muthoni imeingia kwa gunia yangu. Nikanogewa, nikasema ati makofi ilitikisa mabati. Akachukua kahawa moja mbichi kutoka kwa zake, akanitupia kwa gunia yangu. "Mabati haikutikisika. Tulikuwa hapo."

Msimu wote ilikuwa hivyo: nikiongeza chumvi, narudishiwa mbichi. Nilikoma. Siku hizi hata wajukuu wakiniuliza kama kesho itanyesha, nawaambia ngojeni inyeshe kwanza, jioni nitawasimulia.